Cheni Haipimwi Kiti Kikiwa Kitupu

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na tisa, watoto wawili, na kucha ambazo bado zina mstari mweusi hata nikifua nguo za wiki nzima.

Kustaafu ni neno la walimu na polisi, najua. Lakini hapa Rodi Kopany kuna watu wanasema nilishindwa na kazi ya wanaume, na hilo neno lao silitaki, kwa hivyo nimechukua la walimu. Nilifanya kazi miaka minane kwenye gereji ya pikipiki. Niliacha siku mtoto wangu wa pili alipoanza kutambaa na nikamkuta na nati mdomoni, anainyonya kama peremende. Niliitoa kwa kidole na spana nikaiweka chini siku hiyo hiyo. Mkiambiwa vingine, nyinyi mabinti mnaoingia gereji sasa, na nyinyi vijana wa kiume pia, mjue mmeambiwa uongo.

Nataka kuwaeleza juu ya pikipiki moja iliyonichanganya akili, gia na breki kwa pamoja, mpaka karibu nifukuzwe kazi. Ilishatengenezwa zamani. Akili yangu ndiyo haijatengenezeka, kwa sababu mpaka leo sijui vizuri nimkasirikie nani.

Kwanza mjue hivi. Mtu akileta pikipiki kuukuu akasema gia zinakataa, fundi mvivu hukimbilia waya ya klachi. Mimi nilikuwa huyo mvivu. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mwalimu mmoja, gia haishuki kabisa. Nikakaza waya. Nikabadilisha waya. Nikafungua kifuniko cha klachi, nikatoa sahani zote, nikazipanga chini kwenye gunia kama chapati. Fundi Okelo, mwenye gereji, akaja akachuchumaa, akaishika pedali ya gia kwa vidole viwili.

"Mwalimu," akasema, "ulianguka lini?"

"Jana," mwalimu akajibu kwa aibu.

Pedali ilikuwa imepinda, inagusa injini. Fundi akachomeka kipande cha bomba, akaivuta nje, kazi ikaisha. Halafu akanitazama mimi na chapati zangu. "Nyar Karungu, rudisha hizo." Nyar Karungu maana yake binti wa Karungu, upande wa Migori, ndiko nilikozaliwa. Hakuwahi kuniita jina lingine.

Nitamsema vibaya hapa mbele, kwa hivyo wacha nimseme vizuri sasa. Nilipomaliza shule, fomu foo, nilizunguka gereji zote, wakaniambia wanataka mvulana. Yeye aliniuliza tu kama ninaogopa kuchafuka. Nilipopaka grisi kwenye viatu vya breki, nikidhani vinapiga kelele kwa sababu vimekauka, mwenye pikipiki alisimamia kwenye ua wa kanisa, ua wenyewe ndio uliomsimamisha. Fundi angeweza kunifukuza. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Breki inataka kukwaruza, nyar Karungu. Ukiilainisha itasimama na nini?" Basi. Hakulisema tena.

Ndiyo maana sielewi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Mzee Were, na Mzee Were ni baba mkwe wa Fundi. Fundi amemuoa Pamela, binti yake. Mzee aliinunua zamani alipokuwa akienda Kehancha kwa biashara ya tumbaku, na huko iliteswa: marobota ya tumbaku nyuma, marobota pembeni, barabara mashimo. Shoka za nyuma, zile springi zinazobeba mzigo, zilichoka huko huko. Ukikaa tu, mkia wa pikipiki unashuka kama mtu anayekaa kwenye kochi la zamani.

Akaja asubuhi moja ya siku ya soko. Akasimama mbali kidogo na Fundi, maana wao husalimiana kwa heshima nyingi.

"Gia zinakuwa ngumu," Mzee akasema. "Nyutro haipatikani. Na breki ya nyuma inashika yenyewe."

"Tumesikia, baba," Fundi akajibu, mikono nyuma, kama mtoto wa shule kwenye paredi.

Mteja mwingine yeyote Fundi angemuuliza maswali mpaka achoke. Inaanza ikiwa baridi au moto? Mlima au tambarare? Gia ya ngapi? Lakini baba mkwe haulizwi maswali hivyo, ni kama kumkatalia neno. Mzee naye hakuongeza. Akaenda kutafuta chai.

Nikaipanda nikaijaribu mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Gia ziliingia kama kisu kwenye avokado. Nyutro nikaipata kwa mguu mmoja. Nikashika kitovu cha gurudumu la nyuma, baridi. Nikamwambia Fundi haina kitu.

"Cheni imelegea kidogo," akasema bila kuinua macho. "Kaza. Na breki, mzee anapenda ishike juu, akigusa tu pedali. Kaza pia."

Nikaisimamisha kwenye stendi kubwa, gurudumu likiwa hewani, nikalivuta nyuma, nikakaza cheni, nikakaza nati ya breki. Kazi safi. Mzee akarudi, akaondoka, haina shida.

Siku ya soko iliyofuata, huyo. "Imezidi," akasema.

Nikaijaribu tena. Avokado. Hapo nikaanza kuhisi kama ninachezewa. Nilibadilisha oili. Nilifungua klachi, sahani zilikuwa zimeisha kidogo, nikatia mpya. Nilitoa viatu vya breki nikavisugua na msasa, nikatia grisi kidogo pale tu panapozunguka, maana nilishajifunza. Springi ya pedali nikabadilisha. Fundi alikuwa akipita nyuma yangu anasema neno moja tu: "Cheni." Nikavuta tena gurudumu nyuma. Nikakaza tena breki juu yake. Baraka, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miezi mitano mgongoni mwangu, na nakumbuka nikimnyonyesha huku nikiongea na ile pikipiki. Nikaiuliza, wewe unaumwa wapi? Mtu wa boda akapita akasema, "Inaumwa uzee, mama." Nikamtupia kitambaa cha oili.

Mara ya tatu Mzee hakuja ameipanda. Alikuja anaisukuma, suruali imechanika gotini. Gurudumu la nyuma lilijifunga kwenye mteremko, pikipiki ikalala. Mkewe, Mama Pamela, alikuwa amekaa nyuma na gunia lake la omena, wale dagaa wa ziwani. Akaanguka juu ya mkono wake. Omena wote barabarani.

Nikashika kitovu cha gurudumu. Kilinichoma. Hatimaye nilikuwa nimeona ugonjwa kwa mkono wangu, lakini breki yenyewe sasa ilikuwa imeachia, gurudumu linazunguka vizuri. Nikasimama pale, sielewi chochote.

Watu wa boda walikuwa wamejaa, kama sita hivi. Fundi Okelo akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nani alifunga breki hii?"

Alijua. Alikuwa amesimama nyuma yangu nikiifunga.

"Ni mimi," nikasema.

"Ikirudi tena hivi, nyar Karungu, utafute mahali pengine."

Mmoja wa wale wanaume akanong'ona, si chini sana, "Dada, rudi tu upike."

"Na breki yako wewe nani alifunga?" nikamgeukia. "Si mimi? Haya panda basi uende, tuone kama unaiogopa."

Wakacheka, lakini mimi nilikuwa napiga hesabu. Baba ya Baraka alikuwa kisiwani Takawiri kwenye samaki, anarudi akitaka. Sikuwa na gereji nyingine ya kunipokea na mtoto mgongoni. Na jina la fundi likishaharibika Rodi limeharibika mpaka Homa Bay mjini, hao watu wa boda wanalibeba bure.

Hebu sasa niwaulize kama nilivyojiuliza mimi jioni ile nikiwa nakunja gunia langu. Pikipiki ikija gereji ni nzima. Ikiwa barabarani inaumwa. Kuna nini barabarani ambacho hapa hakipo? Oili ni ile ile. Dereva ni yule yule. Nilihesabu kila kitu kilichofungwa kwa nati, kumbe nilikuwa natafuta kitu ambacho hakijafungwa kwa nati.

Kesho yake nikaenda sokoni kumwomba Mama Pamela msamaha. Hicho ndicho kilichonipeleka, sikuwa na akili nyingine yoyote. Nikamkuta amefunga mkono kwa leso, anapepeta omena kwa mkono mmoja. Ni mama mkubwa, mnene, mwenye sauti.

"Mos, mama," nikasema. Pole. "Mimi ndiye niliyefunga ile breki."

Akanitazama, akamtazama mtoto. "Ni wewe? Nilidhani ni mwanaume mjinga. Kaa."

Nikakaa.

"Hiyo pikipiki," akasema, "inanung'unika nikiipanda. Nikikaa tu, nasikia chini yangu, kri, kri, kri. Nikishuka hapa sokoni na gunia langu, inanyamaza. Inaenda zake kwenu kama bibi harusi."

Nikamsogelea. "Umekuwa ukisikia hiyo tangu lini?"

"Miezi."

"Na hukumwambia Mzee?"

"Nilimwambia. Akasema basi nipunguze ugali." Akacheka, halafu mkono ukamuuma akaacha. "Nyinyi mlikuwa mnamuuliza nani? Mzee? Mzee anakaa mbele. Mimi ndiye ninakaa juu ya gurudumu."

"Mama, si ungekuja gereji utuambie?"

Akaacha kupepeta kabisa. "Nije kwa mkwe wangu? Nisimame mbele yake nimweleze makalio yangu yanasikia nini? Wewe ulizaliwa wapi?"

Alikuwa na haki. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja. Akimwona Fundi sokoni huvuka barabara, na Fundi akimwona hujifanya anatafuta kitu kilichoanguka. Kwa hivyo mtu mmoja tu aliyejua ugonjwa wa ile pikipiki ndiye ambaye hangeweza kukanyaga gereji yetu.

Nilikimbia nikaomba pikipiki kwa Mzee, nikaileta nyuma ya soko. Baraka nikampa mama wa jirani anayeuza nyanya.

"Mama, panda. Na gunia."

"Uniangushe tena?"

"Haiendi popote. Kaa tu."

Akapanda. Mkia ukashuka ule mshuko wa kochi. Mimi nikalala chini kwenye maganda ya ndizi, nikapeleka kidole kwenye cheni. Sikuamini. Kabla hajapanda, kiti kikiwa kitupu, cheni ilikuwa inacheza vizuri. Sasa ilikuwa ngumu kama waya wa kuanikia nguo, haisogei hata kidogo.

Sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Pikipiki ikikaliwa, shoka zinashuka, na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma unabadilisha mlalo, gurudumu linakwenda mbali zaidi na meno ya mbele. Cheni si mpira, haivutiki. Ikikosa nafasi inavuta shafti ya gia, na shafti ikivutwa gia zinakuwa ngumu, nyutro inajificha. Sasa breki. Ukirudisha gurudumu nyuma ili ukaze cheni, chuma cha breki nacho kinavutwa. Yaani kila ukikaza cheni umekaza na breki kabla hujagusa nati yake. Mimi nilikaza cheni, halafu nikakaza breki juu ya ile iliyokwisha kukazika. Mama akipanda, ule mwanya mdogo uliobaki unaisha. Breki inasugua njia nzima, inapata moto, inavimba, inashika. Gia na breki zilikuwa ugonjwa mmoja, na dawa niliyokuwa nampa mgonjwa ndiyo iliyokuwa ikimzidishia.

Nikalegeza cheni Mama akiwa amekaa hapo hapo, akisalimia wateja kutoka juu. Nikaiacha icheze upana wa vidole viwili. Mama akashuka, nikalegeza breki mpaka gurudumu likazunguka huru kwenye stendi, halafu nikairudisha kidogo. Nikapanda mbele, nikambeba Mama Pamela na gunia mpaka karibu na ile njia panda ya kuteremkia Homa Bay, tukageuka, tukarudi. Nilishika kitovu. Baridi.

"Imenyamaza," akasema nyuma yangu, kwa mshangao, kama mtu aliyezoea mgeni mwenye kelele halafu akaondoka.

Nikarudi gereji mbio, furaha imenijaa, nikamweleza Fundi yote. Yeye alikuwa anapangusa mikono. Akaendelea kupangusa.

"Nilidhani hivyo," akasema.

"Ulidhani nini?"

"Kwamba ni uzito."

"Tangu lini?"

Akakunja kitambaa. "Tangu mara ya pili."

Nawaambia, sikujua nipige kelele au nikae chini. "Na hukusema?"

"Ningesemaje? Niende kwa baba mkwe nimwambie, mlete mama tumpime kwenye kiti? Nitaje uzito wa mama mkwe hapa, mbele ya hawa watu wa boda? Nitaingia boma lile tena?"

"Kwa hivyo lile 'cheni' lako lilikuwa hilo, na uliacha nikaze tu."

"Breki huwa naikagua mwenyewe. Siku ile sikuikagua." Alisema hivyo polepole. "Na wewe si mkwe wao. Nilijua utamuuliza mama."

"Ungeniambia nimuulize!"

"Kukuambia ni kusema."

Hapo ndipo nimekwama mpaka leo, miaka imepita. Mtu aliyenifundisha kuuliza ndiye aliyekaa kimya. Alinitegemea au alinitupa? Kama alinitegemea, kwa nini alinitangaza mbele ya wanaume sita? Kama alinitupa, kwa nini macho yake yalikuwa mekundu akinieleza? Nilimuuliza jambo moja tu: "Na mkono wa mama?" Akaanza kukusanya spana. Nikachukua gunia langu, mtoto wangu, nikaenda nyumbani. Sikuaga.

Siku tatu sikwenda kazini. Siku ya nne ilikuwa ya soko, na nikapata habari kwamba Mama Pamela ananitaka, nimfuate. Nikamkuta amesimama barabarani, upande wa pili, mkabala na gereji. Alikuwa ameigeukia nguzo ya stima, gereji iko ubavuni mwake. Mkono kwenye leso. Fundi alipomuona aliingia ndani haraka akageukia ukuta.

"Wewe nguzo!" Mama akaanza, kwa sauti ya kuuzia omena. "Nguzo, unanisikia? Mimi nilianguka na pikipiki. Nasikia kuna mtu hapa Rodi anasema msichana wa Karungu ndiye aliyeniangusha. Nguzo, ni wewe umesema?"

Watu wa boda wote wakazima injini.

"Maana huyu msichana alikuja akalala chini kwenye uchafu wa soko ndiyo ajue ninaumizwa na nini. Wengine wanajua wananyamaza. Sasa, nguzo, aliyesema, aseme tena. Simwiti aje hapa, najua hawezi kunikaribia. Aseme kutoka huko huko."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akafinywa.

Halafu tukasikia sauti ya Fundi kutoka ndani. Alikuwa ameshika tangi la pikipiki ya mteja, uso kwa ukuta, anaongea na hilo tangi.

"Pikipiki," akasema. "Mwambie mama nimekosa mimi. Nyar Karungu hakukosa."

"Sauti, nguzo, mimi ni mzee!" Mama akasema.

"Nyar Karungu hakukosa!"

"Nguzo, nimesikia." Akajifunga leso vizuri, akaondoka zake sokoni. Mimi nikavuka barabara, nikatandika gunia langu, nikaanza kazi. Jioni akaja mteja na gia ngumu, na Fundi akamuuliza kabla hajamaliza kushuka, "Nyuma hukaa nani? Nenda kamlete."

Kwa hivyo nyinyi mnaoanza: kiti kitupu hakisemi ukweli. Kabla ya kukaza cheni, mpandishe anayekaa nyuma, na mzigo wake, halafu shika kwa kidole. Ukimaliza cheni rudi kwenye breki, kila mara, hata kama hukuitwa kwa breki. Na muulize abiria. Kama ni mtu ambaye fundi wako hawezi kumuuliza, nenda wewe, usingoje kutumwa. Mimi nilikwenda kwa sababu ya aibu tu, na kama ningechelewa wiki moja sijui mama yule angevunjika nini.

Mwezi uliopita nilikuwa nafua nguo nikasikia pikipiki langoni. Ni ile ile. Shoka hawajabadilisha, wakaidi. Fundi alikuwa ameisukuma mwenyewe, na nyuma yake, mbali, hatua kama hamsini, anakuja Mama Pamela na gunia.

"Nimestaafu," nikamwambia.

"Najua," akasema. Akaacha pikipiki langoni, akaenda akasimama nyuma ya ua wa michongoma, mgongo kwetu.

Mama akafika, akapanda, akakaa. Nikalala chini, mtoto mmoja ananivuta nywele, povu la sabuni bado liko mikononi.

"Inacheza ngapi?" Fundi akaiuliza michongoma.

Sikutaka kumjibu. Bado nilikuwa na ile hasira, iko hapa, naijua mahali inapokaa. Nikashika cheni.

"Vidole viwili," nikasema.

"Wacha hapo hapo."

"Sikukuuliza," nikamwambia, na nikaiacha hapo hapo.